Barua ya Bluu ya Nainokanoka

Siku ya mnada Karatu watu hugongana wapende wasipende. Moloimet aligongana na Natalia mbele ya kaunta ya duka, mikono yao ikiwa juu ya betri zile zile nne za redio, za mwisho dukani.

“Kaka, hizo nimeshazinunua,” alisema msichana.

“Umezinunua vipi? Pesa yako bado naiona mkononi.”

“Kumbe macho unayo. Adabu ndiyo imekupita.”

Watu wakacheka. Moloimet akapata nafasi ya kumtazama vizuri: gauni la njano lililomkaa sawasawa, viatu vya raizoni, vya soli nene, vilivyojaa vumbi jekundu, nywele zilizosukwa twende kilioni. Yeye alivaa suruali ya kaki, shuka nyekundu begani na katambuga za tairi miguuni. Kumbe shida yao ilikuwa moja. Wote walikuwa walimu wa UPE, wale waliomaliza darasa la saba wakapewa chaki: asubuhi wanafundisha, jioni wanasomea ualimu kwa redio na kwa posta. Bila betri hakuna kipindi cha Jumanne, na bila kipindi cheti utakisikia kwa wenzako.

“Unafundisha wapi?” Natalia aliuliza, sauti imelegea.

“Nainokanoka.”

“Kule kwenye ukungu? Redio inashika?”

“Ikijisikia.”

“Basi niachie betri. Nitasikiliza kwa niaba yetu wote wawili, niandike, nikutumie kwa lori la Wilibrodi.”

Mapenzi yao yalianzia hapo. Kila Ijumaa Wilibrodi alipandisha mahindi Nainokanoka na bahasha moja. Mwanzoni ilikuwa masomo matupu. Baadaye mwisho wa somo pakawa na mstari: “Umekula?” Baadaye tena: “Mwalimu wa ukungu, nimekuota.” Kwenye semina za mwisho wa mwezi walikaa benchi moja, na Moloimet akawa hasikii mkufunzi anasema nini.

Lakini mafunzo yale yalikuwa na kanuni yake. Majibu halisi yanakwenda kwa msahihishaji, nakala ya kaboni unabaki nayo mwenyewe, maana posta ina mambo yake. Natalia aliishika kanuni hiyo kama amri ya kanisa. Alitia kaboni hata kwenye barua ya kumsalimu shangazi. Moloimet kila wiki alipata halisi, ya kalamu nyeusi, na Natalia akabaki na ya bluu.

Mpaka ile Ijumaa. Moloimet alifungua bahasha nje ya darasa, akasoma:

“Mpenzi wangu, mafunzo yanakwisha na fomu za kuchagua vituo zimeshatoka. Jaza Karatu, nami nijaze Karatu, tuoane. Huko baridini mimi siwezi. Nijibu haraka.”

Moyo ulimruka. Kisha akaiangalia vizuri karatasi. Maandishi yalikuwa ya bluu, yamefifia kwenye mikunjo. Hii ilikuwa nakala. Halisi siku zote huenda kwa mwenyewe. Sasa halisi alipelekewa nani? Mbona hata jina lake halikuandikwa? Akacheka, akanuna, akacheka tena. Aliisoma mara sita na kila mara alipata jibu tofauti.

“Wilibrodi, hivi Karatu kuna mwalimu mwingine anayekaa karibu na Natalia?”

“Yupo Inosenti wa Mbulumbulu, yule wa pikipiki. Juzi anajisifu kwamba anajaza Karatu. Vipi, umeumwa na nyuki?”

Moloimet akaikunja barua, akaitia mfukoni. Alipenda, na aliumia, na hakujua kipi kinakuja kwanza. Wiki tatu hakuandika neno. Natalia akavumilia mpaka akachoka, akaomba simu ya upepo. Moloimet akaitwa ofisi ya kata, na karani na wazee wawili waliokuja kwa shida za ng'ombe wakakaa kusikiliza.

“Moloimet, barua umepata? Ova.”

“Nimepata. Ova.”

“Sasa laazizi, mbona kimya? Ova.”

“Muulize aliyepata ile ya kwanza. Ova.”

“Ya kwanza ipi? Moloimet, una homa? Ova!”

Moloimet akarudisha kipaza sauti mezani. Jioni hiyo alijaza fomu yake: Loliondo. Kesho yake akampa Wilibrodi aipeleke, asije akabadili mawazo njiani.

Semina ya mwisho alikaa benchi la nyuma, peke yake. Wakati wa chai Natalia alimfuata uani, amekunja uso, akamtupia bahasha kubwa ya msahihishaji mapajani.

“Imerudi juzi. Soma.”

Ndani, katikati ya majibu ya somo la kilimo, ilikuwa ile barua, ya kalamu nyeusi. Juu yake msahihishaji alikuwa ameandika kwa wino mwekundu: “Umeandika vizuri na kwa hisia. Lakini swali la tatu liliuliza faida za samadi. Sifuri. Nakutakia heri kwa huyo mwenzako.”

“Wilibrodi alikuwa anapiga honi,” Natalia alisema, machozi yakimlengalenga. “Nikachanganya karatasi. Nikakutumia nakala, halisi nikamtumia msahihishaji. Nilipoikosa nakala yangu ya bluu, nilidhani imepotea tu nyumbani.”

“Nami nikadhani halisi anayo Inosenti.”

“Inosenti! Yule anayelala kipindi cha redio?”

Moloimet alicheka, halafu kicheko kikamkauka. “Natalia, nimeharibu. Nimejaza Loliondo. Fomu imeshakwenda wilayani.”

Akainamisha macho, akaogopa kumtazama. Kisha Natalia akatoa fomu yake mwenyewe kwenye mkoba. Karatu ilikuwa imeshaandikwa. Akaikata kwa mstari mmoja, akaandika juu yake: Loliondo.

“Si ulisema baridi huwezi?”

“Siwezi. Utanunua blanketi.”

“Na mama yako atasemaje?”

“Utamuuliza leo. Amepika makande, anakusubiri tangu saa nne. Nimemwambia unakuja kuposa.”

“Saa nne? Saa nne nilikuwa nyuma kule nimekununia! Na kama ningekataa?”

“Tungekula wenyewe,” alisema Natalia. “Twende, yanapoa.”