Tundu la Sarafu ya Nassra

Rafiki yangu Mwanakheri, muuza ndimu wa Mwanakwerekwe, hapendi kuulizwa kisa hiki. Siku hiyo mchana umeme ulikatika, kibanda chake cha ndani ya soko kikawa kiza. Mwanamke aliyejifunika ushungi akataka fungu moja, akamtilia sarafu kiganjani.

Mwanakheri huzijua sarafu mbovu kwa kuzidondosha juu ya jiwe. Nzima hulia vizuri. Iliyotobolewa hutoa sauti kavu. Akazidondosha na hizo, moja ikatoa sauti kavu. Akaipapasa. Tundu lilikuwa pembeni kabisa, limekwenda upande.

Tundu hilo alilijua. Alilitoboa mwenyewe kwa msumari, nyundo ikamteleza, siku alipomfunga mwanawe Nassra ile sarafu kiunoni, kwa uzi mweusi, kumkinga na kijicho.

"Bi, hii umeipata wapi?"

Alisikia kandambili tu, zikiburuzwa polepole kuelekea uchochoroni.

Aliacha ndimu zake wazi, akakimbia nyumbani. Nassra alikuwa uani, anacheza peke yake.

"Mama, mbona unahema hivyo?"

"Njoo hapa. Nani kakugusa leo?"

"Hapana mtu."

Akampandisha gauni. Uzi upo kiunoni, fundo ni lile lile lake, na sarafu inaning'inia. Mwanakheri akashusha pumzi, akaishika ile sarafu, akaipapasa kwa kidole, huku na huku.

Ilikuwa nzima. Haina tundu popote. Na uzi mweusi umeingia upande mmoja wa chuma, umetokea upande wa pili.