Sauti ya Mwanakheri

Siwema alikuwa uani akipepeta mahindi, binti yake Mwanakheri kamfunga mgongoni, aliposikia Mwanakheri huyo huyo akilia ndani ya nyumba.

Ungo ulimtoka mikononi. Mtoto hakuwa na sauti ya kulilia. Wakati wa masika koo lilimziba, akawa anavuta hewa hadi mbavu zinabonyea, daktari akampasua shingoni na kumpachika mrija mdogo wa chuma. Tangu hapo pumzi ilipita mrijani ikipiga mluzi, na kilio hakikutoka tena.

"Usiuzibe hata kidogo," daktari alimwonya Siwema. "Ukiuziba, umempoteza."

"Mama! Njoo!" ikaita sauti.

Ndani kulinuka nywele zilizoungua. Mama mkwe wake alikuwa amesimama pembeni ya jiko, nta mkononi.

"Ni yule jini wa kule kwetu," alinong'ona. "Tumeletwa kijiji cha ujamaa bila kumuaga. Kachukua sauti ya mtoto. Mganga kasema tulizibe lile tundu, atairudisha."

"Ziba, mama," sauti ikabembeleza kutoka kwenye mapaa, ile ile nyembamba iliyokuwa ikimwamsha Siwema kila asubuhi kabla ya ugonjwa, ikashuka ukutani, ikazunguka chungu, ikampanda miguuni hadi sikioni, na kila ilipoita mluzi wa mrijani ulififia, na Siwema, kwa jinsi alivyoitamani sauti ile, akaona mkono wake umekwisha kuipokea nta.

Mtoto akakohoa. Hewa ya moto ikampiga mama yake shingoni.

Jini gani mjinga hivyo, kumjaribu mama aliyekesha hospitalini akihesabu pumzi! Siwema akaitupa nta motoni.

"Baki na sauti!" alifoka. "Pumzi huipati! Sisi tulipakiwa kwenye lori na vyungu vyetu, hakuna aliyetuuliza. Na wewe hama!"

"Taratibu, mwanangu, atakusikia."

"Ndiyo nataka asikie, mama."

Sauti ikanyamaza. Koo lilipopona, daktari aliutoa mrija na tundu likajifunga. Mwanakheri akaanza kusema kwa sauti nzito ya kukwaruza, na Siwema akaipenda papo hapo.

Jioni waliyorudi kutoka hospitalini hadi Kisanga, kijiji kile cha ujamaa, wakiwa wanakula, sauti ile ya zamani ikaita mapaani: "Mama!"

Siwema hakugeuka. Mwanakheri aliweka tonge chini, akatazama juu.

"Huyu ni mama yangu," alikwaruza. "Wewe nenda kwenu."