Mtu Mwingine Kwenye Mashine Namba Tatu

Kila asubuhi Lucien Gagnon alikunywa kahawa amesimama dirishani. Kutoka jikoni kwake aliona kiwanda cha karatasi ng'ambo ya mto, na mvuke ukipanda juu ya theluji. Mvuke usipokatika, mashine inakwenda vizuri. Zamani hilo lilimfurahisha. Siku hizi lilimchoma roho.

"Haijasimama hata mara moja tangu jana," alinung'unika.

"Nini hiyo?" aliuliza mkewe, Claudette.

"Mashine yangu. Inamtii yule jamaa kama vile mimi sijawahi kuzaliwa."

Claudette alicheka. "Ungenionea mimi wivu namna hiyo, mume wangu, ningenunua gauni jipya."

Lucien hakucheka. Wafanyakazi walikuwa wamegoma tangu kiangazi, kwa sababu kampuni ilitaka kupunguza malipo ya Jumapili. Mwezi wa tatu wa mgomo, kampuni ikaleta watu wengine. Katika kiwanda kile mtu huanza kwa kufagia, kisha hupanda ngazi moja kila aliye juu yake anapoondoka. Lucien alipanda kwa miaka kumi na tisa hadi akawa mkuu wa mashine namba tatu. Dwayne Pruett, mgeni kutoka kusini mwa nchi, alipewa mashine hiyo baada ya wiki moja tu. Wiki moja! Nani asingeona wivu?

Siku hiyo ikaja barua. Ilisema nafasi yake imejazwa na mtu wa kudumu. Kabla hajaimaliza, mdogo wake Gilles aliingia bila kubisha. Naye alikuwa na barua kama hiyo.

"Kaka, tumefukuzwa. Umeona?"

"Nimeona."

"Pruett anatoka saa tisa. Shika." Gilles alimtilia jiwe mfukoni.

Lucien hakulitoa.

Ndugu hao walipofika kwenye lango la kiwanda, wagomaji walikuwa wakiota moto kwenye pipa, mabango mabegani. Miongoni mwao alikuwa Bi Pauline Ouellette, jirani yake. Alikuwa katibu wa chama cha wafanyakazi kwa miaka ishirini, na sheria za kazi alizijua kama sala. Aliutazama mfuko wa Lucien.

"Koti lako limepata mimba, Lucien?"

"Niache, Bi Pauline. Wamenifukuza. Yule mwizi amekaa mahali pangu!"

"Nani kakwambia umefukuzwa? Lete barua." Aliisoma akaikunja. "Kugoma ni haki yako. Hawawezi kukufukuza kwa kugoma. Lakini sheria ya huku imempa na mwajiri haki yake. Mkigomea malipo, anaweza kuajiri mtu mahali pako, na kumbakiza hata mgomo ukiisha."

"Basi hiyo si ndiyo kufukuzwa, ila kwa jina la kanisani?"

"Hapana. Aliyefukuzwa hana foleni. Wewe unayo. Mgomo ukiisha, andika kwamba uko tayari kurudi bila masharti. Nafasi kama yako ikipatikana, lazima wakuite wewe kabla ya kuajiri mtu mpya."

"Na kama kampuni ndiyo iliyovunja sheria?" Gilles aliuliza kwa ukali. "Kama inafukuza watu kwa sababu ya chama?"

"Watu wakigoma kwa ajili hiyo, hairuhusiwi kubakiza wageni. Wagomaji wakiomba kurudi, wanarudishwa. Lakini sisi tuligomea Jumapili zetu, Gilles. Tusijidanganye."

King'ora kililia. Gari la Pruett likatokea.

"Anayepiga mtu anaweza kufukuzwa kweli kweli," Bi Pauline alisema haraka. "Foleni yake ndiyo imekufa. Toeni hayo mawe!"

Pruett alipita taratibu, mikono miwili kwenye usukani. Alikuwa mwembamba, na alikuwa anaogopa. Lucien alimwonea wivu hata hivyo. Alimwonea wivu kwa ule uchovu wa kutoka kazini, na kwa vumbi la karatasi kwenye kofia yake. Akaliangusha jiwe miguuni. Wivu hakuweza kuuangusha.

Gilles alirusha lake. Kioo kilipasuka, na damu ikamtoka Pruett shavuni.

Mgomo uliisha majira ya kuchipua, na watu hawakupata walichotaka. Bi Pauline alikaa na Lucien mezani, wakaandika: "Niko tayari kurudi kazini bila masharti yoyote." Lucien alibaki na nakala.

"Usisaini karatasi yoyote inayosema umeacha kazi," Bi Pauline alimwonya. "Na ukichukua kazi ya kudumu inayolingana na hii kwingine, unaweza kupoteza foleni. Fanya vibarua. Subiri."

Lucien alipasua kuni za watu na kupaka rangi nyumba. Kila asubuhi alitazama mvuke na kutukana kimoyomoyo. Mwezi wa kumi barua ikaja. Pruett alikuwa amerudi kwao. Mashine namba tatu ilikuwa wazi, na wa kwanza kuitwa alikuwa Lucien.

Gilles hakuitwa. Kampuni ilikuwa imemfukuza kwa lile jiwe. Chama kilimtetea, kikashindwa.

Jumamosi ya kwanza baada ya Lucien kurudi kazini, Claudette alipika maharage na nyama ya nguruwe, akamkaribisha shemeji yake. Gilles alikula. Mara kwa mara alitazama vumbi jeupe kwenye mikono ya kaka yake. Mwishowe akaweka kijiko chini.

"Haya, kaka. Inakwendaje ile mashine?"

Wiki nzima mashine ilikuwa haijasimama hata dakika moja. Haijawahi kwenda vizuri namna ile.

"Mbaya," alisema Lucien. "Karatasi imekatika mara nne leo. Nimechoka mbwa."

Gilles akachukua tena kijiko chake.