Onja Weye Kwanza

Kitenge kilipasuka kwa sauti iliyowafanya wauza samaki wote wageuke.

Concilie alikuwa anakatiza soko la Mulongwe, mjini Uvira, sufuria ya maharage kichwani, mnyororo wa pikipiki uliponasa pindo la kitenge chake kipya, cha rangi ya machungwa chenye ndege weusi. Pikipiki ilikwenda na nusu ya nguo. Nusu nyingine alibaki ameishika kwa mkono mmoja, mkono wa pili ukiwa juu ya sufuria, na macho ya soko zima yakiwa kwenye magoti yake.

"Ingia huku nyuma ya cherehani," sauti ya mwanaume ilisema. "Ukilia utamwaga maharage."

"Nani iko analia?"

Alikuwa mshonaji mrefu, shati jeupe lililopigwa pasi, utepe wa kupimia shingoni, na mkanda uliokazwa mpaka tumbo likagawanyika juu na chini. Alimpa kitambaa cha mteja ajifunike, akapokea kitenge bila kumtazama, akainamia cherehani.

"Jina lako nani?" Concilie aliuliza.

"Sévère," alisema akicheka.

"Sévère, na unacheka hivyo?"

"Baba alitafuta mwana mukali. Alipata fundi." Alivuta harufu. "Ndani ya sufuria muko nini?"

"Maharage na pilipili yangu. Lakini weye hautaiweza."

Alikula kijiko kimoja. Machozi yalimtoka, jasho likaota juu ya mdomo, akanyoosha kijiko kuomba tena. Concilie alicheka mpaka akasahau kwamba alikuwa amevaa kitambaa cha mtu mwingine.

Tangu siku hiyo Sévère hakula mchana penginepo ila kwenye benchi la Concilie, kule mwisho wa soko alikouza chakula. Jioni Sévère alipiga simu.

"Cheri, umekula?"

"Minye napika kutwa nzima, nitakosaje kula?"

"Basi niambie ulikula nini, minye nisikie njaa vizuri."

Walifunga ndoa kiangazi kilipokuwa kinaisha. Gauni alilishona bwana harusi mwenyewe, la satini nyeupe, mikono mirefu, vifungo mgongoni kuanzia shingo hadi kiuno. Wakahamia Rugenge, katika ua mmoja na Apollinarie, dada mkubwa wa Sévère, ambaye ndiye aliyemlea.

Halafu mwezi wa pili wa 2025 Bukavu ikachukuliwa na waasi, na Uvira nzima ikaishi roho mkononi. Askari waliokuwa wakikimbia walipita, wengine wakabaki, na risasi zikaanza kulia wakati wowote, zikipigwa na watu ambao hakuna aliyejua wako upande gani. Mtaa wa Rugenge ulijifunza namna mpya ya kuishi. Watu walimeza chakula haraka kabla ya milio, na milio ilipoanza walilala chini kwenye saruji, wametandazika kama samaki wa kuanikwa.

Sévère aliogopa kuvuka soko mchana kwenda benchini, akashinda amekunja tumbo juu ya cherehani bila kutia kitu mdomoni. Akirudi nyumbani alikula kwa pupa: bugali mkubwa, ndagala, wale dagaa wa ziwani, waliokaangwa kwa mawese, na pilipili ya mke wake. Hakufungua mkanda. Hakumaliza kunawa. Alijitupa chini. Na moto ukapanda kifuani, ukamfika kooni na maji makali yaliyochoma ulimi. Alikohoa. Sauti ikakwaruza. Shati jeupe likaanza kumpwaya.

"Tangu lini?" Apollinarie alimuuliza.

"Tangu mwezi wa pili."

"Kabla ya ndoa uliungua hivi?"

"Hapana, yaya." Ndivyo alivyomwita dada yake tangu utotoni.

Dada mtu hakuhitaji zaidi. Katika mji huo mtu akiugua baada ya kula, jicho la kwanza humwendea aliyepika. "Mwanamuke umemutoa sokoni," alisema. "Hata kwao Lubarika haujafika, vita imefunga njia. Weye unajua anakutilia nini?"

Aliyasema hayo nyumbani, kisha akayasema kisimani, na kisima kikayapeleka sokoni. Benchi la Concilie likaanza kubaki tupu. Aliuliza sababu. Wanawake waliokuwa wakimwazima chumvi walitazama pembeni.

Jumapili moja, watu walipotoka misa, Concilie aliweka sahani mbele ya mume wake. Alikuwa amevaa blauzi ya kijani aliyoipenda Sévère, na amesuka upya. Apollinarie alikaa kizingitini, mikono magotini, bila kusema neno. Sévère alitazama sahani. Alimtazama dada yake.

"Onja weye kwanza," alimwambia mke wake.

Concilie alitabasamu, akingoja utani umalizike. Haukumalizika. Mtu anayeleta pombe kwa mgeni huonja kwanza ili mgeni asiwe na hofu. Hiyo ni adabu baina ya watu wasiojuana. Lakini mume kumwambia mke hivyo, ndani ya nyumba yao, mbele ya wifi, ni hukumu. Benchi tupu, chumvi, macho ya pembeni, vyote vilijibiwa kwa mara moja.

"Rudilia uliyosema."

"Concilie, onja tu, ili..."

Hakuonja. Aliivuta sahani, akaketi, akala yote. Alikula bugali wa mwanaume mzima, akala ndagala mpaka vichwa, akafagia pilipili kwa kidole.

"Nimeonja," alisema.

Bunduki zikaanza. Wote watatu walianguka chini. Risasi moja iligonga bati la jirani, nyingine zikapita zikipiga miluzi. Na hapo, uso ukiwa kwenye saruji, Concilie alisikia moto ukimpanda kutoka tumboni. Ulifika kifuani, ukafika kooni. Akakohoa, akaguna, akashika shingo.

"Sumu yake mwenyewe," Apollinarie alinong'ona, kisha akaanza kusali.

Sévère alitambaa hadi alipo. "Mama wangu, tapika. Nakuomba, tapika. Minye nilikuwa mujinga, tapika."

Concilie hakuwa na pumzi ya kumjibu. Alijivuta hadi ukutani, mbali na dirisha, akakaa, mgongo ukanyooka. Moto ukashuka. Alishangaa. Akalala tena, makusudi. Ukapanda. Akakaa. Ukashuka.

"Kaa," alimwambia Sévère.

"Risasi..."

"Ukuta huu ni wa matofali. Achilia mukanda na ukae."

Alikaa kando yake. Aliweka kiganja kifuani, akangoja, na polepole akapata uso wa mtu aliyemwita jirani mwizi kisha akakuta pochi iko mfukoni mwake mwenyewe.

"Ni sumu gani hii inayoogopa mgongo ulionyooka?" Concilie aliuliza.

Milio ilipotulia alifunga nguo zake. Sévère alisimama mlangoni.

"Cheri, sasa tumeelewa."

"Weye umeelewa tumbo lako."

Alipanda pikipiki hadi Kavimvira, kwa shangazi yake Generose, kwa sababu njia ya kwenda kwao Lubarika ilikuwa mikononi mwa vita.

Simu ililia jioni hiyo hiyo.

"Concilie, mapenzi yangu..."

"Kama ni mapenzi, nakata. Kama ni tumbo, sema."

"Ni tumbo."

"Umekula nini?"

"Bugali."

"Mukubwa kiasi gani?"

"Wa kawaida."

"Wa kawaida wako unalisha familia. Sasa sikiliza. Ule saa kumi, usingoje giza. Ule kidogo, na mchana pia kidogo, usikae na njaa mpaka upasuke. Ndagala uchemshe, usikaange. Mawese uyaache. Mboga za lenga-lenga, ndizi, viazi. Utafune kama muntu mwenye meno."

"Na pilipili?"

Concilie alifumba macho. Pilipili ndiyo iliyowakutanisha. "Uiache."

"Hiyo itaniuma kuliko kiungulia."

"Itakuuma. Ukishiba usilale, usiiname. Kitanda ukiinue upande wa kichwa kwa matofali. Na ukitapika damu usinipigie minye, uende hospitali."

Sévère alipiga kila jioni. Alimhadithia jinsi alivyounguza viazi, jinsi mafundi wenzake walivyomcheka akimenya ndizi, jinsi alivyojipanulia suruali zote kiunoni. Sauti yake ilikuwa inarudi, nzito, safi, na Concilie alijichukia kwa kuisubiri.

"Nimepona, Concilie. Rudi."

"Nirudi kama nani? Sokoni minye ni mwenye sumu. Weye ulipona, jina langu liko linaugua."

"Nimemwambia yaya mara nyingi. Anasema umeniroga upya, kwa simu."

Concilie alicheka bila kutaka. Kisha akakata, akalia.

Alasiri moja, Generose akiwa mtoni na nguo, mlango uligongwa. Concilie alifungua, akabaki ameshika kitasa. Apollinarie alikuwa amesimama pale, kilemba kimelegea, kiganja kimebanwa kifuani.

"Kama umekuja kunitukana, shangazi yangu hayuko. Tukana polepole."

"Inaungua," Apollinarie alisema.

"Nini?"

"Humu. Wiki nzima. Nikilala inapanda mpaka kwa ulimi." Hakumtazama usoni. "Nilijiuliza ni nani alinitilia. Haukuweko. Hakuna aliyeingia jikoni kwangu. Nilipika mwenyewe, nikapakua mwenyewe. Nilikuwa peke yangu na sufuria."

Concilie alingoja. Mwanamke huyu alikuwa amemtoa nyumbani, amemnyima wateja, na katika mji ule neno alilolisema lilitosha kumwitia mtu mawe. Angeweza kufunga mlango. Kitasa kilikuwa mkononi.

"Kesho nitaenda Mulongwe," Apollinarie alisema. "Kwa kinywa hiki kilichoanza. Nitaanzia kwa wauza samaki, maana wale wanasema sana."

"Utasema nini?"

"Kwamba nilisema uongo. Haunipendi, najua. Lakini niambie nikule nini."

Concilie aliachia kitasa. "Kaa. Mgongo uuegemeze."

Alipakua viazi vilivyochemshwa na lenga-lenga, bila mafuta, bila pilipili, kiasi cha kiganja. Aliweka sahani mezani. Apollinarie alichukua kijiko papo hapo.

"Polepole, wifi. Hakuna anayekunyang'anya."

Simu ililia. Mikono ya Concilie ilikuwa na maji. Apollinarie alibonyeza, akaiweka sikioni.

"Cheri," sauti ya Sévère ilisema, "leo sikuunguza kitu."

"Ni minye, yaya wako."

Sauti ya Sévère ilijaa woga.

"Yaya, uko kwa Concilie? Uko unamufanya nini?"

Apollinarie alimeza kwanza, bila haraka.

"Nakula," alisema. "Kuja na pikipiki, utufwate wote wawili, uturudishe nyumbani."