Kipimo cha Mwanga

Winchi ilishusha kontena kwenye ploti ya Wahome mtaani Kabiria, Nairobi, bila kugusa ukuta wa jirani, na Oyoo, dereva wa lori, akapanda juu yake kufungua minyororo.

"Boss, hii chuma imezunguka dunia kuliko mimi," alisema. "Singapore, Dubai, kila mahali. Halafu inakuja kustaafu Kabiria! Si ungeipeleka hata Karen, kwa matajiri?"

"Karen hawataki kelele," Wahome alijibu, akacheka. Hakuwa amecheka tangu mazishi.

Wahome alifanya kazi mjini, katika ofisi ya wakala wa meli. Kazi yake ilikuwa kufuatilia makontena kati ya bandari ya Mombasa na Nairobi. Makontena yaliyochakaa, yasiyofaa tena baharini, kampuni iliwauzia wafanyakazi. Kulinunua hili kulikuwa wazo la mkewe, Njambi. Alitaka likatwe madirisha, liwe duka la kushonea mapazia. Alifariki kabla halijafika, na Wahome hakuwa na moyo wa kulikataa.

Oyoo alipoondoka, Wahome alifanya jambo ambalo watu wa kazi yake hulifanya kwa mazoea. Kabla kontena halijapakiwa mzigo, mkaguzi huingia ndani, milango ikafungwa, akasimama gizani kutafuta mwanga. Tundu dogo kama la sindano linatosha kuingiza maji ya chumvi. Kontena hili halingebeba mzigo tena, wala halikuhitaji kukaguliwa. Hata hivyo aliingia, akaivuta milango nyuma yake.

Hakuona mwanga popote. Alisikia harufu ya bahari, na sakafu ikapanda na kushuka taratibu chini ya viatu vyake. Kisha, kutoka mwisho wa giza, mwanamke aliuliza:

"Umekula?"

Njambi alikuwa akimuuliza hivyo kila jioni Wahome aliporudi kutoka kazini. Wahome alijua alipaswa kukimbia.

"Bado," alijibu.

Tangu siku hiyo, akitoka mjini hakupitia nyumbani kwanza. Aliingia kontenani na sauti ikamsimulia maisha yao: mvua iliyowakuta siku walipokutana, rangi ya gauni la harusi, maneno ya Njambi siku binti yao, Shiko, alipozaliwa. Alitoka humo akiwa mwepesi, kama mtu aliyelia akamaliza.

Jumapili moja, binti yake Shiko alikuwa akiosha vyombo.

"Baba, ule wimbo mama alikuwa anaimba akiosha vyombo ulikuwa gani? Nimejaribu, unanipotea."

Wahome alifungua kinywa. Sauti ilikuwa imemwimbia wimbo huo jana yake. Alijua hilo, lakini wimbo wenyewe haukuwepo. Akalitafuta gauni la harusi, akaona kanisa, akaona watu, na kando yake nafasi tupu. Aliita kumbukumbu moja baada ya nyingine, na kila aliyosimuliwa gizani haikuwa yake tena.

Jioni hiyo alirudi kontenani. Hakuweza kujizuia.

Cate, mdogo wake Njambi, alimfuata na kugonga chuma kwa kidole.

"Baba Shiko," alinong'ona. "Unaongea na nani huko ndani?"

"Na dada yako."

Cate aliisikia sauti ile ikitoka gizani. Kisha akaweka mdomo kwenye ufa wa mlango. "Muulize tukiwa watoto tulimficha paka wapi, mama asijue."

Wahome aliuliza. Halafu sauti ikasema, kwa upole, karibu sana na sikio lake: "Wahome, sogea kidogo."

"Toka!" Cate alimvuta kwa shati. "Toka, huyo si dada yangu. Anajua tu kile wewe unajua."

Kesho yake Cate alimleta mganga aitwaye Kitavi, mtu wa koti na tai kama muuza bima. "Na kanisani usiseme," Cate alimwonya Wahome. Kitavi aliweka kiganja kwenye chuma, akakiondoa haraka, akakipangusa.

"Ni jini la baharini," alisema. "Halina kumbukumbu zake lenyewe, linakula za watu. Mabaharia wapweke ndio chakula chake. Limekaa humu kwa sababu ni giza."

"Litatokaje?"

"Kata madirisha, kama marehemu mkeo mwenyewe alivyotaka. Lakini litaenda na kile limekula, ndugu yangu. Sitakudanganya."

"Nikiliacha?"

"Utabaki na sauti. Kuna siku utaisikiliza na hutajua ni ya nani."

Fundi wa kuchomelea alianza alasiri hiyo hiyo. Grinda, mashine ya kukatia, ilipogusa chuma, sauti ililia, kwanza chini chini, kisha kwa nguvu hadi Wahome, aliyeushika ukuta kwa mikono miwili, akauhisi ukitetemeka mpaka kwenye meno, na ikamwita kwa majina ya mapenzi ambayo hakuyatambua, ikamsihi kwa wimbo alioupoteza, ikaapa kumrudishia kila kitu kama angemzuia fundi, naye akafumba macho na kunyamaza, huku cheche zikimwagika na ile sauti ikilitaja kwa kelele jina la mkewe, jina lile lile, tena na tena, hadi bamba likaanguka, jua likaingia, na maji ya chumvi yakatiririka kutoka katika kontena lisilokuwa na tone la maji.

Fundi aliangalia viatu vyake vilivyolowa. Kisha akaanza kuchora dirisha la pili.

Asubuhi Wahome alimkuta Shiko jikoni, sufuria ya chai ikiwa juu ya gesi. Alivuta kiti akaketi.

"Shiko. Mama alikuwa anaitwa nani?"

Msichana alitabasamu, akidhani ni mzaha. Kisha akamtazama usoni. Akazima gesi, akaja kukaa karibu naye.

"Njambi," alisema. "Alikuwa anaitwa Njambi."

"Endelea," Wahome alisema.