Alichukua Daftari Langu Akaniacha Handakini

Nyundo ilitua kisogoni, paaa! Nikaanguka kifudifudi kwenye maji ya handaki.

"Donatus! Unaniua?!"

"Nisamehe, Justa. Nafasi ya Urusi ni moja tu!"

Akaniongeza ya pili, begani. Nilisikia mfupa ukivunjika.

Jamani, huyo alikuwa mchumba wangu! Ng'ombe kumi na wawili wa mahari walishafika zizini kwetu Nkome...

Ilikuwa 1979. Sote tulikuwa wanafunzi wa jiolojia, mwaka wa tatu, tumeletwa Geita kwenye mgodi wa zamani kwa mafunzo ya vitendo. Mwenye utafiti bora angepelekwa Urusi. Wangu ulikuwa tayari, umo kwenye daftari jeusi. Wake? Miezi miwili mwenzangu alikuwa Rwamgasa anakunywa gongo!

Akanipora daftari. Akabeba na taa zote mbili.

"Nitasema mwamba umekuangukia."

Nikamng'ang'ania mguu kwa mkono uliobaki mzima. Akanikanyaga vidole mpaka nikaachia. Akatoa dira mfukoni, akaimulika, akaondoka mbio.

Giza totoro. Damu inaniingia machoni. Niliogopa kufa, siwafichi.

Nikatia kiganja majini, nikahisi yanakoelekea. Nikatambaa kuyafuata. Nikazimia, nikazinduka, nikatambaa tena... hadi nikaliona jua.

Makoye, mlinzi wa mgodi, alipiga ukunga.

"Mayu, mama wee! Nani kakufanya hivi?"

"Donatus... kapita wapi?"

"Donatus? Hajatoka mtu hapa!"

Siku ya tatu waliomtafuta wakamleta kwa machela. Alikuwa ametumbukia shimoni huko ndani kabisa, upande usio na mlango. Shingo imevunjika, dira imo mkononi, na daftari langu amelificha ndani ya shati.

Mwalimu wetu alilifungua ukurasa wa kwanza. Akausoma, akakaa chini mavumbini. Niliuandika mwenyewe, wiki ya kwanza tu:

"Mwamba huu una chuma kingi, unavuta sindano ya dira. Humu ndani usiiamini. Fuata maji, yanatoka nje."

Njia ya kutokea alikuwa nayo kifuani!

Nililia, msinicheke. Nilikuwa nampenda yule mtu. Baba akawaswaga ng'ombe wote kumi na wawili, akamrudishia mama yake Donatus.

Urusi nilikwenda, bega limepinda mpaka leo.

Wajukuu zangu wa humu mtandaoni, kazi ya mwenzio usiibe. Na mwizi asiyesoma, huyo hata wizi haumfai.