Mkate Wangu Hauna Ugonjwa

Kazi yangu ni kuoka mikate. Nimeifanya tangu nikiwa msichana, katika kiwanda kidogo karibu na stendi. Nakanda unga, nakata madonge, natia kwenye tanuri. Nikirudi nyumbani nina unga mpaka kwenye nyusi. Binti yangu alizoea kunipangusa kwa kiganja chake huku akinicheka. Tunamwita Kibogoyo. Meno yake ya mbele yameng'oka, na mapya hayana haraka.

Kisha kikohozi kikanishika. Kwanza nilisema ni vumbi la unga. Halafu nikasema ni baridi. Mwishowe nguo zangu zote zilikuwa zinanipwaya, na usiku nilitoka jasho mpaka shuka likaloa. Nikaenda zahanati. Wakapima makohozi yangu. Jibu likatoka: kifua kikuu.

"Usiogope, kinatibika," muuguzi akaniambia. "Utameza dawa kila siku kwa miezi sita. Usiruke hata siku moja."

Nikaanza dawa. Lakini nyumbani kulikuwa na ugonjwa mwingine.

Tunaishi na dada mkubwa wa mume wangu. Wifi yangu si mtu mbaya. Ila ana mdomo huyo! Na akishakata shauri, hakuna wa kumgeuza. Siku niliyorudi na dawa, alifunga madirisha yote ya chumba changu. Alisema eti baridi isiniingie. Akanitengea sahani, kikombe na kijiko. Akamhamishia Kibogoyo chumbani kwake. Chakula changu kikawa kinawekwa mlangoni. Mlango unagongwa, halafu nasikia miguu inakimbia.

"Jamani, mimi ni mgonjwa au ni mbwa mkali?" nikauliza siku moja.

"Wewe ni mgonjwa," wifi akajibu kutoka mbali. "Na kazi ya mgonjwa ni kulala."

Basi nikalala. Nililala mpaka nikaujua kila ufa wa dari. Miezi miwili ikapita. Homa ikaisha, kikohozi kikapungua, njaa ikarudi. Zahanati wakapima makohozi tena. Safari hii hayakuwa na vijidudu. Wakaniambia siambukizi tena, niendelee na dawa, nile vizuri, na naweza kufanya kazi nyepesi.

Nilirudi nyumbani kwa furaha. Nikamnyooshea Kibogoyo mikono.

Wifi akamshika mtoto bega. "Subiri. Mama yako hajapona kabisa."

Mtoto akabaki amesimama, ananitazama. Jamani, nilikasirika! Ugonjwa ulikuwa umechukua nguvu zangu na uzito wangu. Mtoto wangu haukumchukua. Huyo nilinyang'anywa na watu, huku ninaona.

Siku hiyo nikaapa: kulala mchana, basi.

Mume wangu ni fundi baiskeli. Alinikuta nyuma ya nyumba nakung'uta magunia yaliyotumika.

"Unafanya nini?"

"Nalima."

"Wewe? Hata ndoo huwezi kuinua!"

"Ndoo utainua wewe. Mimi nitalima."

Akacheka. Nilikuwa nimekisahau kicheko chake. Tukajaza magunia udongo. Katikati ya kila gunia tukapanga mawe madogo, ili maji yashuke mpaka chini. Ubavuni tukatoboa matundu ya kupandia. Nilifanya kazi nimekaa kwenye kigoda. Nikichoka, napumzika. Mume wangu akaleta mbolea ya kuku kutoka bandani kwa jirani. Ilikuwa bado ina joto.

"Tia nyingi, zikue haraka!" akasema. Aliishindilia kama anayejaza upepo kwenye tairi.

Tukapanda miche ya mchicha na spinachi. Siku chache tu, majani yakawa manjano. Kingo zake zikakauka. Miche yote ikalala chini.

Wifi akaja akasimama juu ya magunia, mikono kiunoni.

"Unaona sasa?" akasema. "Hata mboga zinakufa mkononi mwako."

Alinikata maini. Na alikuwa hajamaliza.

"Jumamosi nampeleka mtoto kwa bibi yake, kwa mama yako. Akae huko mpaka mwakani."

Nikamtazama mume wangu. Yeye akatazama chini. Ana mdomo mzito, hasa mbele ya dada huyu aliyemlea. Mwakani! Mpaka mwakani Kibogoyo atakuwa ameota meno, na mimi sipo.

Asubuhi yake vidonge vyangu vilikuwa bado mezani. Niliviangalia, navyo vikaniangalia. Hapo ndipo ikaja hodi ya Bi Madirisha.

Bi Madirisha ni mhudumu wa afya wa mtaa wetu. Jina lake halisi wengi hawalijui. Akiingia nyumba yoyote hufungua madirisha kabla ya salamu. Akafungua la kwanza, pwaa! Akafungua la pili, pwaa!

"Haya, hujambo? Nani anafunga haya? Vijidudu vya kifua kikuu vinapenda chumba kilichofungwa. Hewa safi na jua ndio maadui wao." Kisha akaona meza. "Na hivi vidonge? Vinasubiri nini?"

"Nimevichoka, mama," nikasema. "Vinanisumbua tumbo. Mkojo umekuwa mwekundu. Na kwa nini nivimeze? Kikohozi kimeisha. Mimi ni mwokaji. Mkate ukishaumuka, huongezi hamira."

Akavuta kiti akakaa.

"Vizuri, mwokaji. Hebu nifundishe. Mkate ukishapata rangi nzuri juu, unautoa motoni?"

"Thubutu! Ndani bado mbichi."

"Sasa unafanyaje?"

"Naacha moto umalize kazi yake."

"Nawe acha dawa imalize kazi yake. Wewe umepata rangi tu, mwanangu. Ndani kuna vijidudu vichache vimejificha. Ukiacha dawa leo, vitarudi vikiwa sugu. Dawa hizi hazitavitisha tena, na kukutibu itakuwa kazi ngumu. Mkojo mwekundu usikutishe, hiyo ni rangi ya dawa. Tumbo likikusumbua, au macho yakiwa manjano, njoo zahanati siku hiyohiyo. Usijipangie mwenyewe."

Sikio la kufa halisikii dawa, lakini langu lilikuwa bado linataka kuishi. Nikameza vidonge mbele yake. Kisha nikamweleza habari ya mboga na ya Jumamosi. Nililia, sitaficha.

Hakunipa pole. Alinyanyuka akaenda kwenye magunia. Akachimbua udongo kwa kidole, akanusa.

"Mbolea ilitoka wapi?"

"Bandani kwa jirani."

"Ilikuwa imeoza?"

"Wapi! Ilikuwa inatoa mvuke."

Akacheka mpaka akashika mbavu. "Mmezichoma mboga za watu! Mbolea mbichi ya kuku ni kali, inaunguza mizizi. Ilundikeni pembeni. Ilowanisheni kidogo, ifunikeni, muwe mnaigeuza. Iacheni wiki kadhaa, mpaka ipoe, isinuke, ifanane na udongo. Hapo ndipo uchanganye kidogo tu na udongo mwingi. Mkono wako hauna kosa lolote."

Nikageuka. Wifi alikuwa amesimama mlangoni, amesikia yote.

"Ya mboga nimesikia," akasema. "Na ya mtoto je?"

"Njoo ukae," Bi Madirisha akamwambia. "Kifua kikuu kinaenea kwa hewa. Mgonjwa ambaye hajatibiwa anakohoa, na mwenzake anavuta hewa ile. Hakiambukizi kwa sahani. Hakiambukizi kwa kikombe, wala kwa kushikana mikono, wala kwa chakula alichopika mtu. Wiki zile za kwanza, kumlaza mtoto chumba kingine ilikuwa busara. Sasa dawa zimefanya kazi na makohozi ni safi. Mtoto umemzuia bure. Ila kuna jambo hamjalifanya, na hilo ndilo lenye hatari. Katika nyumba hii, nani mwingine amepimwa?"

"Sisi hatuumwi," wifi akasema.

"Nani kakuambia? Mliishi naye anakohoa, madirisha yamefungwa. Mtampeleka mtoto kwa bibi yake na huku hamjui kama ana ugonjwa? Kesho wote zahanati. Mtoto awe wa kwanza."

Tukaenda wote. Hakuna aliyekutwa na ugonjwa. Kibogoyo akapewa dawa ya kinga, kwa sababu ya umri wake na kwa sababu aliishi na mgonjwa. Nikadhani yameisha.

Ng'o! Jumamosi asubuhi nikaona mfuko wa nguo za mtoto umewekwa mlangoni.

Mimi nilikuwa uani tangu mapema. Bi Madirisha alinikataza moshi wa ndani, kwa hiyo niliwasha jiko la mkaa nje, penye upepo. Nilikuwa nimekanda unga wa ngano, hamira, maziwa na sukari kidogo. Nilikanda polepole, nikapumzika, nikakanda tena. Mikono haikuwa imesahau kitu. Donge likaumuka. Nikaliweka kwenye sufuria nzito iliyopakwa mafuta, nikafunika, nikatia makaa machache juu ya mfuniko. Harufu ikajaa uani. Kwa mara ya kwanza tangu niugue, nilijisikia mimi ni mimi.

Wifi akatoka, amemshika Kibogoyo mkono. "Haya, muage mama yako. Muage ukiwa hapohapo."

Nikasimama.

"Wifi, mtoto haendi popote."

"Unanipandishia sauti mimi?"

"Naipandisha. Mapafu ninayo sasa. Nimepimwa, mtoto kapimwa, wote mmepimwa. Anayeogopa afungashe mzigo wake yeye. Mtoto wangu hatoki hapa!"

Loo! Hakuna aliyewahi kumwambia wifi maneno hayo. Alitweta. Akamgeukia mdogo wake, kama kawaida, ili amalize kesi.

Mume wangu aliweka chini spana yake. Akafunua sufuria, akamega kipande cha mkate kwa mkono, akatia mdomoni. Ulimi ukaungua, machozi yakamtoka, akameza hivyohivyo.

"Dada," akasema. "Mtoto anabaki."

Wifi akakaa chini, palepale, juu ya mfuko wa nguo. Sauti yake ikawa ndogo. Sikuwahi kuisikia hivyo.

"Wewe ulikuwa mchanga, hukumbuki. Mama yetu alikufa kwa kikohozi hikihiki. Tulimfungia madirisha. Tulimwekea chakula mlangoni. Mimi ndiye niliyekuwa nakiweka, halafu nakimbia. Nilikuwa na umri kama wa huyu. Siku moja nikagonga, hakuitika."

Hasira yangu ikashuka. Lakini sikurudi nyuma hata hatua moja.

"Pole, wifi," nikasema. "Pole sana. Yule mama hakupata dawa. Mimi ninazo, na nitazimaliza. Ila sitakaa chumbani kungojea kifo ili nyie mpate amani. Niko hai. Mniangalie hivyo."

Akaangalia mkono wa Kibogoyo uliokuwa ndani ya mkono wake. Akauachia.

Mtoto alikuja mbio mpaka karibu anipindue na kigoda changu. Nikamkatia mkate, nikaupuliza upoe, nikampa kwa mkono wangu. Akautafuna kwa meno ya pembeni, kichwa kimeinama upande, kama kawaida yake.

"Mtamu?"

"Wa moto," akasema, akafungua mdomo nimpe tena.

Nilimaliza miezi yangu sita. Zipo asubuhi nilizomeza vidonge nikivitukana, lakini nilivimeza. Kipimo cha mwisho kikasema nimepona. Mbolea ilioza vizuri, tukapanda upya, na sasa mchicha umefunika magunia hadi ukutani. Tunauosha kwa maji safi, tunaupika, tunawagawia na majirani. Nimerudi kiwandani. Mwenzangu mmoja alisita kusimama meza moja nami, nikamweleza kama nilivyoelezwa. Alipotaka kubisha nikamwambia: dada, kama unakohoa zaidi ya wiki mbili, usinikimbie mimi, kimbilia zahanati.

Wifi sasa ndiye wa kwanza kuamka kufungua madirisha ya nyumba nzima. Ole wako ukiyafunga!

Jumamosi naoka nyumbani, uani. Wiki iliyopita nilikuwa naondoa makaa juu ya mfuniko. Kibogoyo akaja mbio kutoka ndani. Siku hizi ana jino moja mbele.

"Mama, shangazi kasema nisiguse kipande cha kwanza."

Nikayaacha makaa. "Kwa nini usiguse?"

"Kasema ni chake."

Nikavuta pumzi ndefu, mpaka chini kabisa ya kifua.

"Nenda kamwambie shangazi yako apange foleni kama watu wengine."